Kanda ya Masunga Iliyozibwa kwa Pamba

"Umemziba baba mkwe wako kwa pamba," Nyanjige alisema. Kanda ilikuwa imelala kiganjani mwake kama kifaranga kilichokanyagwa. "Ningi mzima wa ngoma ya Wagika. Na hata pamba safi hukumpa, umempa fifi, ile chafu."

"Sijamziba mtu, mayu. Nimerekodi kwaya."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kanda."

"Na ndani ya kanda alikuwemo nani?"

Felisita akachukua ufagio, akafagia mahali alipokwisha kufagia. Juu ya lundo la pamba lililojaza nusu ya chumba alikaa Malimi, mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, naye alikuwa akijitahidi kufanana na pamba. Mwezi wa saba nyumba nyingi za Sapiwi huwa hivyo siku hizi. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuja na malori yao, kila mmoja na mzani wake na uongo wake, watu huweka pamba ndani wakingoja mwongo aliye nafuu. Na chumba chenye pamba hakina mwangwi. Neno likitoka mdomoni linakwenda kulala humo, na hakuna ajuaye litaamka lini.

"Mama Yakobo hakukusudia ubaya," Malimi alimtetea mkewe.

"Wewe nyamaza. Kwaya nzima imeingia ndani ya baba yako, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na wewe huna habari. Ungekuwa ng'ombe ungeibwa ukiwa umesimama."

Kanda ya redio ina vijitundu viwili mgongoni. Ukitaka sauti isifutwe kamwe, unavunja vijipande vya plastiki vilivyovifunika, na redio yoyote itakataa kurekodi juu yake. Vya kanda hii alivivunja marehemu Novatus, muuza kanda, kwa jino lake, Nyanjige akitazama. Lakini wakulima nao wana ujanja wao: unasokota pamba kidogo, unaisukuma tunduni kwa kijiti, redio inadanganyika. Hivyo ndivyo Felisita alivyofanya. Asubuhi ile ya Sabasaba, Nyanjige alipoitoa kanda katika kopo la maziwa ya unga alimoihifadhi tangu mwaka uliopita, aliona kitu cheupe kinachungulia kwenye vile vijitundu, kama maiti aliyewekewa pamba puani.

Sasa, mtu atasema kanda ni kanda, nenda Bariadi mjini kanunue nyingine. Mtu huyo hamjui Nyanjige, na wala haijui Sabasaba ya Sapiwi. Nchi ile haikuwahi kuwa na jambo kubwa la ngoma lililotokea tarehe nyingine. Serikali imeihamishia sikukuu ya wakulima Nanenane; sawa, serikali ina kalenda ukutani. Ngoma haina ukuta.

Nyanjige alikuwa msichana bado alipoingia katika mambo hayo, na aliingia na mtungi kichwani. Ngoma za Kisukuma hazina mwamuzi. Kundi la Wagika linacheza upande huu wa uwanja, la Wagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na watu wanasimama wanapopenda. Jua likitua, aliyezungukwa na wengi ndiye mshindi. Siku ile Masunga alikuwa kijana tu wa Wagika, mrefu wa kuinama kila mlango, ndiyo kwanza amekuwa ningi, yaani mwimbaji wa kuongoza wenzake. Msikilizaji wake alikuwa mbuzi mmoja, naye alikuwa amefungwa kamba.

Baba yake Nyanjige alikuwa Mgalu wa damu. Binti alikuwa anampelekea maji. Akaisikia sauti ya yule kijana ng'ambo ya uwanja, na miguu yake ikageuka yenyewe, ikavuka, mtungi hautikisiki. Wanaume wa Wagalu wakaona mtungi unahama. Mtungi siku ya Sabasaba, nani angefikiri umebeba maji? Akafuata mmoja, wakafuata kumi, wakafuata wote, mpaka wapiga ngoma wenyewe wakafuata, ngoma zikiwaning'inia tumboni, na wengine wakiendelea kuzipiga kwa mazoea. Vumbi lile lilionekana Lagangabilili, na huko watu wakaingiza ndani mitama wakidhani ni nzige. Walipokuja kuonja wakakuta ni maji, jua limeshatua na Masunga ameshashinda.

Kwa hiyo akamwoa. Baba mtu aliwapokea ng'ombe wa mahari akiwa amewapa mgongo.

Masunga aliishi maisha yake akiimba. Alimwimba dume lake jeupe. Alimwimba bwana shamba na baiskeli yake isiyo na breki, na mzani wa chama cha ushirika uliokuwa ukimpa mkulima kilo chache kuliko alizobeba. Alimwimba hata yule mbuzi. Mkewe hakumwimba. Nyanjige alipomuuliza, alijibu, "Mtu haimbi pumzi yake." Jibu zuri hilo, watu walilisifu. Lakini pumzi haipiki ugali, pumzi haivuki uwanja na mtungi mbele ya baba yake, na Nyanjige alilimeza jibu lile kama mfupa wa samaki. Halikushuka wala halikupanda.

Ikaja miaka ya ruksa. Vitu vikarudi madukani, sabuni, chumvi, mawe ya redio. Sabasaba moja Novatus, mfanyabiashara wa Bariadi aliyekuwa na meno kama ya panya buku, akashuka uwanjani na redio kaseti yenye spika mbili. Akaiweka chini mbele ya Masunga, akasema aimbe, itamhifadhi.

Masunga akaizunguka. "Kitu hiki hakina miguu," alisema. "Kitavukaje uwanja?"

"Kitavuka mpaka Nassa, baba."

Akaimba. Novatus akazaa nakala kule mjini, nazo zikaenda kila mahali, kwenye mashine za kusaga, vilabuni, hadi kwa wavuvi wa Nassa, ambao waliapa kuwa dagaa wanapanda juu ya maji kumsikiliza. Kanda mama akaivunja vile vijipande vya mgongoni kwa jino, akamkabidhi Nyanjige. Ndiyo hii.

Sabasaba iliyofuata Masunga alianguka. Kila ningi akianza kuimba huwataja kwanza maningi waliomtangulia kaburini, mmoja mmoja, ili wasimwonee wivu. Masunga aliwataja wote hadi babu yake, uwanja mzima uko upande wake, kisha akafungua mdomo kama mwenye jina jingine. Jina halikutoka. Akaanguka kama mtama uliokatwa. Njuga za miguuni mwake ziliendelea kulia kidogo, yeye akiwa ameshatulia. Watu hawakuondoka mapema. Walisimama wakingoja amalizie.

Na kweli, alikuja kumalizia.

Mwaka ulipozunguka, Nyanjige akaweka kanda, uani kumejaa watu. Mababu wakatajwa kama kawaida. Halafu mahali ambapo kila mtu alijua ngoma inaingia, ngoma haikuingia. Pakawa kimya. Ndani ya kile kimya sauti ya Masunga ikasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali: Joakim.

Joakim alikuwa mpiga ngoma wake, na alikuwepo pale, anatafuna michembe ya viazi. Akacheka, akasema bwana huyu hata kaburini hawezi kuanza bila yeye. Kabla ya mvua za vuli walimzika. Homa tu, wala si kali.

Sabasaba ya pili kanda ilimtaja Nyanda, mzee wa Wagalu, adui wa Masunga wa siku zote. Nyanda aliinuka, akakung'uta vumbi, akaenda nyumbani kumwonyesha mwanawe mipaka ya shamba. Hakufika mavuno.

Ya tatu ilimtaja Novatus. Yeye hakuwepo, na waliosikia walikubaliana wasimwambie. Baada ya siku chache akaja mwenyewe Sapiwi, shingo ameinyoosha. "Nilikuwa Nassa napakia samaki," alisema, "nikasikia naitwa kutoka huku. Ni nani aliyeniita?" Wakampa maji ya kunywa, akanywa, akaondoka, na pikipiki yake ndiyo iliyorudi Bariadi, ikiwa juu ya gari la mtu mwingine.

Jambo la kuchekesha, kama kucheka kunafaa, ni kwamba zile nakala za sokoni hazikutaja mtu. Ni kanda mama tu, na ni Sabasaba tu. Ukiipiga tarehe nane, mababu wanatajwa, ngoma inaingia, mambo mazuri.

Watu wakaacha kuja. Wakawa wanapita mbali na ua wa Nyanjige, na watoto wakafundishwa wasiitike wakipita hapo. Wengine wakasema ni yeye anayewapeleka watu kaburini. Nyanjige aliyasikia maneno hayo, akayaacha yapite, kwa sababu ukweli wake ulikuwa wa aibu zaidi. Alikuwa anaona wivu.

"Unajua nilichokiogopa, mayu," Felisita alisema sasa. Alikuwa ameuacha ufagio. Msumarini, nyuma ya mlango, zilining'inia njuga za Masunga, na jioni hiyohiyo Malimi alitakiwa kuzivaa uwanjani kwa mara ya kwanza akiwa ningi. Ngoma za kuamsha watu zilikuwa zinasikika tangu asubuhi. "Anaita watu wa ngoma. Joakim, Nyanda, muuza kanda. Sasa mume wangu anavaa njuga. Wewe ungengoja?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniuliza."

"Mimi sikuizika sauti ya baba. Nimeiwekea nyimbo za Mungu juu yake. Kama ipo, ilale salama chini ya nyimbo za Mungu."

"Haya, bibi kwaya. Kwa kuwa umemzika, twende tukatazame kaburi." Nyanjige akaivuta redio kutoka chini ya kitanda. "Malimi, lete mawe."

Mawe yalikuwa yamechoka, Malimi alikuwa ameyaanika juani tangu asubuhi. Akayaleta yakiwa ya moto, akayang'ata moja moja kuyaamsha, akayapanga. Lakini hakufunga mfuniko. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake.

"Mayu, na ikinitaja?"

"Haitakutaja."

"Unajuaje?" Felisita aliuliza.

"Kwa sababu ni mimi."

Felisita akakaa chini, mgongo kwenye pamba.

"Mnafikiri naipiga kila mwaka kwa sababu gani, kuwaua watu?" Nyanjige alisema. "Naisikiliza kwa sikio la njaa. Joakim alitajwa, nikasema sawa, alimpigia ngoma. Nyanda akatajwa, nikasema wanaume na ugomvi wao. Novatus! Mtu wa meno! Na mimi niliyewatoa Wagalu wote upande ule kwa mtungi wa maji, mimi nakaa hapa natwanga. Mbuzi ameimbwa, mimi sijaimbwa."

"Wanaotajwa wanakufa, mayu."

"Na wasiotajwa wanaishi milele? Wanakufa vilevile, ila hawajaimbwa." Akaugonga mfuniko ukafunga. "Sasa wewe umeniwekea kwaya. Ikiwa umemfuta, nitakufa kama kuku. Basi tusikie."

Malimi akarudi juu ya lundo, naye mama yake akabonyeza.

Kwaya ikaanza. Iliimba vizuri, haki yao. Sauti ya Felisita ilikuwa juu ya wengine wote, imenyooka, na mwenyewe alipoisikia mabega yake yakashuka. Wimbo wa kwanza ukaisha. Mwalimu wao akakohoa. Kiti kikaburuzwa. Felisita alikuwa anajua kinachofuata, alikuwepo. Ni wimbo wa pili.

Mbuzi akalia.

"Kigangoni mliporekodia kulikuwa na mbuzi?" Malimi aliuliza.

Baada ya mbuzi ukaja upepo, upepo wa mahali peupe, na nyuma ya upepo watu wengi wanaohama, nyayo tupu, kama ng'ombe wanaopelekwa mnadani bila mchungaji. Halafu chini kabisa, chini ya kwaya iliyoanza wimbo wake wa pili, mtu mwingine alikuwa anaimba. Hakushindana nao. Aliwaacha wapite juu yake, kama mtu aliyelala kitandani akiwaacha watoto wamruke. Wao wakapungua, yeye akabaki.

Alianza na mababu.

"Mawe yamechoka," Malimi alisema haraka, "mawe yakichoka hayafuti vizuri, yanaacha chini, ni hivyo tu, fundi wa Bariadi aliniambia."

Felisita alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kuzima. Kikashuka, magurudumu ya kanda yakasimama, wote watatu waliyaona yamesimama. Sauti ikaendelea. Akafungua mfuniko, akayamwaga mawe sakafuni, yakatawanyika, moja likaenda likapotelea pambani. Sauti ikaendelea, na sasa haikuwa ndani ya redio. Ilikuwa ndani ya pamba. Maneno yote yaliyolala humo tangu mavuno yalikuwa kama yameambiwa yasogee, yampishe mwenyewe.

Malimi alishuka kutoka juu ya lundo bila kugusa ngazi, na ngazi haikuwepo.

Joakim, sauti ilisema. Nyanda. Novatus.

Kimya.

Uwanjani kule mbali ngoma zilikuwa zimenyamaza nazo. Ilikuwa bado mchana, jua linaingia dirishani safi kabisa, vumbi la pamba limesimama katika mwanga bila kupanda wala kushuka. Felisita alikuwa amemshika mumewe mkono kwa mikono yake yote miwili, midomo inatembea, labda anasali, labda anarudia jina lile moja asilotaka lisemwe. Nyanjige alikuwa ameinamia redio iliyokufa, akitafuta ile njaa ya sikio lake imfikishe.

"Sema basi," alinong'ona. "Ulifungua mdomo siku ile. Sema."

Na sauti ikasema: Nyanjige.

Ikasema tena, sasa kwa kuimba, kama dume jeupe lilivyoimbwa, na zaidi. Nyanjige wa mtungi. Nyanjige aliyevuka uwanja mbele ya baba yake, miguu yake ikanipa watu, watu wakanipa jina. Nilikuwa naimbia mbuzi, ukaja. Pumzi niliyoificha, naitoa mwisho.

Pamba ikatulia. Felisita aliuachia mkono wa Malimi, akaanza kulia kwa utulivu, kwa kufarijika na kwa kuona haya kwamba amefarijika.

"Mayu," alisema. "Mayu, nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu. Umemwekea kwaya, ameimba vizuri zaidi." Nyanjige alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akauelekeza uso kwenye pamba, na sauti yake ikawa ile ya kila siku, ya kumuuliza mwanamume aliyechelewa kurudi mnadani. "Lakini wewe. Usidhani tumemaliza. Joakim kabla yangu, hilo nimelivumilia. Nyanda kabla yangu, haya. Ila Novatus, Masunga, nitakuja kukuuliza macho kwa macho. Na mbuzi pia nitamuuliza, maana ulimwimba beti tatu, na mimi umenipa..."

Uani njuga zililia.

Malimi aligeuka kutazama nyuma ya mlango. Za msumarini zilikuwa palepale, zimetulia, buibui amefunga uzi kati ya mbili za chini. Mbwa alikuwa uani na hakubweka. Walimsikia akipiga mkia chini, taratibu, kama anavyompokea mtu wa nyumbani.

"Ni watu wa ngoma wamekufuata," Felisita alimwambia mumewe, lakini alikuwa ameshaanza kupiga magoti. Hakuna aliyemwamuru. Aliolewa katika nyumba ile baada ya mazishi, hakuwahi kuuona uso wa mkwewe hata kwenye picha, na bado aliinamisha kichwa jinsi mwanamke anavyoinamisha kwa baba wa mume na si kwa mtu mwingine.

"...umenipa beti moja," Nyanjige alikuwa akisema, mgongo ameupa mlango, "na hiyo moja kwa kuchelewa, kwa hiyo nikifika huko utaniketisha chini, utaanza upya tangu kwenye mtungi, na safari hii useme kwamba yalikuwa..."

Mwanga wa mlangoni ukakatika. Mtu mrefu aliinama kupita chini ya kizingiti, akaingia.

"Mwadila, baba," Felisita alimwamkia mkwewe.